Jicho, ubongo na mahali pa kitu kiendacho

Mtu anayetaka kuvuka barabara hulitazama gari linalomjia, akakadiria lilipo, kisha akaamua kupita au kungoja. Mlinda mlango huufuata mpira kwa macho na kuunyooshea mikono. Wote wawili huamini kwamba wanakiona kitu pale kilipo, na wakati ule ule kilipo pale.

Imani hiyo si sahihi kabisa. Kwa zaidi ya karne mbili wataalamu wa falaki, wa maumbile ya mwili na wa saikolojia wamekusanya ushahidi kwamba mahali kitu kiendacho kinapoonekana na mahali kilipo hasa ni mambo mawili tofauti. Tofauti yenyewe ni ndogo, lakini imewahi kumpotezea mtu kazi yake, na imefuta mabao halali mbele ya maelfu ya watazamaji.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kuwa pazia lipo, nalo ni la muda: karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Safari ya ishara

Mwanga husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo safari yake kutoka kwenye gari hadi jichoni haina muda wa kutajwa. Ucheleweshaji huanza ndani ya jicho lenyewe. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, wenye seli zinazougeuza mwanga kuwa ishara za umeme, na mabadiliko hayo ya kikemia yanahitaji muda. Kisha ishara hupita katika mshipa wa fahamu wa jicho, zikapokelewa na kituo kilichomo katikati ya ubongo, ndipo zikafika upande wa kisogo, penye sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona.

Hadi hapo zimekwisha kupita milisekunde kama 50 hadi 70, na milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ili mtu akitambue alichokiona, muda zaidi huhitajika. Kwa hesabu za jumla, wataalamu wengi hutumia kadirio la milisekunde 100.

Muda huo ni mfupi, lakini vitu havisimami kuungoja ubongo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 1.7 katika milisekunde 100. Mpira wa tenisi uliopigwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa husogea zaidi ya mita tano na nusu. Lau ubongo ungeridhika na habari kama zinavyoufikia, kila mtu angekuwa akiiona dunia ya muda uliopita, na hakuna mchezaji ambaye angeweza kuurudisha mpira huo ila kwa bahati.

Hata hivyo mpira hurudishwa, na watu wengi huvuka barabara salama. Ni dhahiri kwamba kuna mahali marekebisho yanafanyika. Yanafanyika wapi, na kwa njia gani? Hilo ndilo swali ambalo limewashughulisha watafiti.

Msaidizi wa Greenwich

Mkasa mashuhuri kabisa katika historia ya jambo hili ulitokea kwenye kituo cha kifalme cha kutazamia nyota huko Greenwich, London. Mkuu wa kituo hicho, Nevil Maskelyne, alikuwa na msaidizi aliyeitwa David Kinnebrook, aliyeanza kazi mwaka 1794.

Kazi yao ilikuwa kunakili saa hasa ambayo nyota inapita kwenye uzi mwembamba uliotandazwa ndani ya darubini. Mtazamaji aliikodolea macho nyota iliyokuwa ikisogea, huku akisikiliza mapigo ya saa ya ukutani. Alipaswa kukumbuka nyota ilikuwa wapi katika pigo la kabla ya kuufikia uzi, na wapi katika pigo la baada ya kuupita, kisha akakadiria sehemu ya kumi ya sekunde ambamo iliukata uzi. Kwa maneno mengine, alitakiwa kusema kitu kiendacho kilikuwa mahali gani pale sauti fulani iliposikika.

Mwaka 1795 Maskelyne aligundua kwamba saa za msaidizi wake zilikuwa nyuma ya zake kwa nusu sekunde. Alimwonya. Kufikia Januari 1796 tofauti ilikuwa imeongezeka hadi sehemu nane za kumi za sekunde. Kinnebrook akaachishwa kazi, ingawa mkuu wake mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mtu mwenye bidii. Alifariki dunia mwaka 1802, kabla ya mtu yeyote kueleza kwa nini macho ya watu wawili waaminifu yalitofautiana.

Wakati huo jambo hilo halikuwa dogo. Mabaharia walitegemea majedwali ya nyota na saa sahihi ili kujua walipo baharini, na Maskelyne ndiye aliyeanzisha kitabu cha majedwali hayo, toleo lake la kwanza likiwa la mwaka 1767. Kwenye ikweta, kosa la sehemu nane za kumi za sekunde ni sawa na kukosea mahali kwa karibu mita 370.

Miaka kadhaa baadaye Friedrich Bessel, mtaalamu wa falaki wa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, alizisoma habari za Greenwich na kushuku kwamba kosa halikuwa la mtu mmoja. Katika miaka ya 1820 alijilinganisha na watazamaji wengine mahiri, akakuta tofauti zilizozidi sekunde moja. Hapo ndipo wataalamu wa falaki walipoanza kumpimia kila mtazamaji tofauti yake na kuirekebisha kwa hesabu, badala ya kumlaumu.

Mwaka 1850 mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alipima kasi ya ishara katika mshipa wa fahamu wa chura. Aligundua kuwa ni karibu mita 30 tu kwa sekunde. Kuanzia hapo hapakuwa na shaka tena kwamba kuhisi na kuona huchukua muda unaopimika.

Mmweko unaobaki nyuma

Katika karne ya 20 uchunguzi ulihamia maabara. Mwaka 1923 Friedrich Fröhlich, nchini Ujerumani, alieleza kwamba kitu kinachojitokeza ghafla kikiwa tayari katika mwendo hakionekani pale kilipoanzia, bali mbele kidogo. Mwaka 1958 Donald MacKay wa Uingereza alieleza jambo la jamaa yake: mahali penye taa ya kumwekamweka, vitu vinavyong'aa vyenyewe huonekana kujitenga na vile vinavyoangazwa na taa hiyo, ingawa vyote vimo katika mwendo mmoja.

Jambo hilo lilipata umaarufu mwaka 1994, pale Romi Nijhawan alipolichapisha upya katika jarida la Nature na kulipa maelezo mapya. Jaribio lake linaweza kufahamika kwa mfano wa mshale wa saa unaozunguka gizani. Mshale unapofika hasa kwenye saa sita, taa ndogo inamweka mara moja tu kwenye ncha yake, ikiwa imenyooka nao sawasawa. Mtazamaji akiulizwa, hujibu kwamba taa ilipomweka, mshale ulikwisha kupita saa sita. Mmweko huonekana umebaki nyuma.

Mtazamaji hahitaji utaalamu ili kuliona jambo hili, na kujua siri yake hakumwondolei. Hata mtafiti aliyelitengeneza jaribio huona vile vile.

Maelezo yanayoshindana

Nijhawan alisema ubongo hubashiri. Kwa kuwa mshale unakwenda kwa mwendo unaotabirika, ubongo huusogeza mbele kufidia muda uliopotea njiani. Mmweko hauna historia wala mwendo, hivyo hauwezi kubashiriwa, nao hubaki ulipo.

Maelezo hayo yalipendeza, lakini yalikutana na kikwazo. Ikiwa ubongo unabashiri, basi mshale unapogeuka ghafla na kurudi ulikotoka wakati wa mmweko, mtazamaji angepaswa kuuona umepitiliza pale ulipogeukia. Haoni hivyo. Mwaka 1998 David Whitney na Ikuya Murakami walitumia majaribio ya mgeuko wa namna hiyo kupendekeza maelezo ya pili: kitu kilicho katika mwendo hufanyiwa kazi na ubongo haraka kuliko mmweko, kwa hiyo mmweko hufika kwenye fahamu ukiwa umechelewa.

Maelezo ya tatu yalitolewa mwaka 2000 na David Eagleman na Terrence Sejnowski katika jarida la Science. Walionyesha kuwa mahali panapoonekana wakati wa mmweko hutegemea mambo yanayotokea baada ya mmweko, katika milisekunde kama 80 zinazofuata. Kitu kikigeuka mara tu baada ya mmweko, mtazamaji hukiona kimesogea kufuata mwelekeo mpya. Kwa maoni yao, ubongo haubashiri yajayo. Hungoja kidogo, hukusanya habari, kisha huandika taarifa yake na kuitia tarehe ya nyuma.

Mhariri wa gazeti huujua utaratibu huo. Habari ya saa nne huandikwa saa tano, baada ya kujulikana kilichofuata, lakini msomaji huipokea kama ilivyokuwa saa nne.

Mjadala huo haujafungwa. Watafiti wengi wa leo wanaona kwamba mambo haya yanaweza kuwepo pamoja: kubashiri katika hatua fulani za safari ya ishara, na kusahihisha pale ubashiri unapokosea.

Ndani ya retina na ubongo

Ushahidi wa kubashiri umepatikana mapema kuliko wengi walivyotarajia, ndani ya jicho lenyewe. Mwaka 1999 Michael Berry, Markus Meister na wenzao walipima retina za salamanda na sungura huku mstari mweusi ukipita mbele yake. Seli zinazopeleka ishara ubongoni zilianza kusisimka mapema, kiasi kwamba picha ya mstari katika retina ilikwenda sambamba na ukingo wake wa mbele, haikuburutwa nyuma kama ucheleweshaji ungetaka.

Aidha kuna sehemu ya ubongo, karibu na upande wa nyuma wa kichwa, inayojishughulisha hasa na mwendo. Wataalamu huiita V5. Mwaka 2013 Gerrit Maus, Nijhawan, Whitney na mwenzao mwingine walitumia sumaku kuivuruga kwa muda mfupi kazi ya sehemu hiyo kwa watu waliojitolea. Kosa la mmweko likapungua. Hiyo ni dalili kwamba sehemu inayopima mwendo ndiyo pia inayosaidia kuamua mahali.

Umuhimu wake ulikwisha kuonekana kabla ya hapo kwa njia ya huzuni. Mwaka 1983 Josef Zihl na wenzake wa Munich walieleza habari za mwanamke ambaye ugonjwa wa mishipa ya damu ulikuwa umemharibia sehemu hizo pande zote mbili za ubongo. Aliziona rangi, aliwatambua watu, alisoma. Hakuona mwendo. Akimimina chai, aliiona imeganda kama barafu, na hakujua kikombe kinajaa lini. Watu chumbani walionekana hapa, kisha pale, bila kuonekana wakipita katikati. Barabarani aliliona gari likiwa mbali, na alipotaka kuvuka, mara lilikuwa mbele yake. Kwa muda alijifunza kutegemea mlio wa magari.

Kioo cheusi

Yapo majaribio yasiyohitaji maabara. Funga kitu kidogo kizito kwenye uzi, kining'inize, na umwombe mtu akibembeze kulia na kushoto mbele yako. Funika jicho moja kwa kioo kimoja cha miwani ya jua, uache macho yote mawili wazi, kisha utazame. Kitu hicho hakitaonekana tena kikienda kulia na kushoto tu. Kitaonekana kikizunguka, kikija karibu na kwenda mbali.

Mjerumani Carl Pulfrich alilieleza jambo hili mwaka 1922. Sababu yake ni kwamba jicho lililotiwa giza hupeleka ishara kwa kuchelewa kidogo. Ubongo hupokea kutoka kwa macho mawili mahali pawili tofauti pa kitu kimoja, na huitafsiri tofauti hiyo kuwa umbali. Pulfrich mwenyewe hakuweza kuuona mzunguko huo, kwa sababu alikuwa haoni kwa jicho moja.

Funzo lake ni la kila siku. Mwanga ukipungua, kuona kunachelewa zaidi. Dereva wa jioni ana habari za zamani zaidi kuliko dereva wa mchana, hata kama macho yake ni mazima. Baadhi ya watu waliopata uvimbe katika mshipa wa fahamu wa jicho moja hupatwa na hali hiyo hiyo bila kuvaa kioo chochote, nao hupata taabu kukadiria magari yalipo.

Kibendera cha kuotea

Mahali ambapo jambo hili limezua kelele nyingi zaidi ni uwanja wa kandanda. Sheria ya kuotea humtaka mwamuzi msaidizi ajue mshambuliaji alikuwa wapi wakati hasa mwenzake alipoupiga mpira. Teke ni la ghafla, mfano wa mmweko, na mshambuliaji yumo mbioni. Ikiwa mshambuliaji anakimbia mita 8 kwa sekunde, na beki anapanda mbele mita 6 kwa sekunde, wawili hao hupishana kwa mita 14 kila sekunde. Katika milisekunde 80 hiyo ni zaidi ya mita moja.

Mwaka 2000 Raôul Oudejans na wenzake wa Amsterdam waliandika kwamba makosa mengi yanatokana na mahali anaposimama mwamuzi msaidizi: akiwa mbele au nyuma ya mstari wa beki wa mwisho, pembe ya kutazamia humdanganya. Mwaka 2002 Marcus Baldo na wenzake wa Brazil walisema pembe peke yake haitoshi, na kwamba kosa la mmweko limo pia. Kundi la Werner Helsen la Leuven, Ubelgiji, lilichunguza mechi za Kombe la Dunia la 2002 na kukuta kwamba takriban robo ya maamuzi ya kuotea yaliyochunguzwa yalikuwa na makosa. Mengi kati yake yalikuwa ya kunyanyua kibendera pasipokuwa na kosa. Hilo ndilo lingetarajiwa ikiwa mshambuliaji anaonekana mbele kuliko alipo.

Waamuzi hao walikuwa miongoni mwa walio bora duniani. Walizomewa kwa upendeleo na kwa hongo, wakati maelezo ya wengi wa makosa hayo yalikuwa vichwani mwa wazomeaji wenyewe pia.

Mazoezi kwa picha za video na kompyuta yamethibitika kupunguza makosa. Mtu hujifunza kufidia, ingawa macho yake huendelea kuona kama zamani. Shirikisho la FIFA lilianza kutumia waamuzi wa video katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi. Nchini Qatar mwaka 2022 liliongeza kamera 12 chini ya paa la uwanja, zikifuata sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, pamoja na kifaa ndani ya mpira kinachotuma habari mara 500 kwa sekunde.

Mashine nazo zina pazia lao. Kamera ya picha 50 kwa sekunde huacha pengo la milisekunde 20 baina ya picha moja na nyingine. Kwa wachezaji waliotajwa hapo juu, hizo ni sentimita 28. Pengo limepungua, na jambo muhimu ni kwamba ukubwa wake unajulikana.

Mstari wa Wimbledon

Katika tenisi hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2008 Whitney na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi wa pointi zaidi ya 4,000 za mashindano ya Wimbledon. Makosa ya waamuzi yalikuwa machache, 83 kwa jumla, lakini hayakutawanyika ovyo. Sabini kati yake yalikuwa ya mipira iliyoangukia ndani ikahukumiwa kuwa nje. Mpira ulionekana mbele kuliko ulipogusa ardhi.

Watafiti hao walitoa ushauri wa wazi kwa wachezaji: pale wanaporuhusiwa kupinga uamuzi mara chache tu, ni busara zaidi kupinga mipira iliyoitwa nje kuliko iliyoitwa ndani. Mwaka 2025 Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari, ikawaachia kamera kazi hiyo.

Wachezaji wenyewe wana njia yao ya kuishi na ucheleweshaji. Mwaka 2000 Michael Land na Peter McLeod waliwavalisha wapigaji watatu wa kriketi kifaa kinachofuata macho. Hakuna aliyeufuata mpira kwa macho safari yote. Walitazama ukiachiwa, kisha macho yao yakaruka kwenda kuungoja pale utakapodunda. Aliye hodari zaidi aliruka mapema zaidi.

Shahidi mwaminifu

Mambo haya yana uzito nje ya viwanja. Shahidi wa ajali hueleza mahani gari lilikuwa liliposikika honi; rubani na nahodha hukadiria chombo kingine kilipo. Mtu anayesimulia mahali pa kitu kilichokuwa katika mwendo anaweza kusema kweli yote aliyoiona na bado akakosea kwa mita moja au zaidi.

Taasisi zilizofaidika na elimu hii ni zile zilizoacha kuuliza nani mzembe na kuanza kupima kosa ni kiasi gani. Wataalamu wa falaki walifanya hivyo katika karne ya 19, na viwanja vya michezo katika karne ya 21. Mwenye kuvuka barabara wakati wa magharibi hana kamera 12 wala jedwali la kumrekebishia. Kwake yeye iliyobaki ni tahadhari ya zamani, yenye msingi sasa katika vipimo: gari liko karibu kuliko linavyoonekana, na hatua moja ya kungoja ndiyo fidia ya muda ambao jicho limeuchukua.